Mguu bandia wa plastiki: uzoefu wangu, kuanzia karakana hadi kwenye safu ya msikitini

Mguu ninaouzungumzia ni mguu bandia wa chini ya goti, wa plastiki ya polipropilini, wenye unyayo wa mpira na kifundo kisichokunjika. Huku kwetu wengi wetu ndio tunaoupata. Nilikatwa mguu wa kulia baada ya lori kutugonga nikiwa abiria wa bodaboda, na tangu nipewe mguu huu nauvaa kutwa: nashonea nguo, napandia daladala, naswalia. Nausifu bila kusita. Ila kuna mambo ambayo mtu aliyelala wodini sasa hivi na bendeji mpya haambiwi mpaka yamkute, hasa yule anayejiuliza kama atasimama tena kwenye safu na wenzake. Huyo ndiye ninayemwandikia.

Mguu hauji upesi. Kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki, kwanza huvimba, kisha hufungwa bendeji ya kuvutika kwa mtindo wa nane ili kipungue na kipate umbo. Mtaalamu wa fiziotherapia alinikataza kabisa kuweka mto chini ya goti. Ilikuwa shida, kwa sababu mto ndio uliokuwa ukinipa nafuu. Lakini goti likizoea kukaa limekunjwa hukakamaa, na goti lisilonyooka linausumbua mguu bandia hata uwe umetengenezwa vizuri namna gani. Nikalala bila mto.

Siku hizo ndizo zilizoijaribu imani yangu. Usiku kidole gumba ambacho hakipo kilikuwa kikiuma kama kimebanwa na mlango. Imamu wetu alikuja kunijulia hali, akanisimulia habari za Urwa bin Zubayr, mwanachuoni wa Madina aliyekatwa mguu safarini Shamu na kufiwa na mwanawe katika safari hiyohiyo. Imepokewa kwamba alimshukuru Mwenyezi Mungu kwa viungo alivyobakishiwa na watoto aliobakishiwa. Niliisikia tangu madrasa, lakini sikuwahi kuisikiliza nikiwa na mguu mmoja. Maumivu hayakupungua usiku ule. Asubuhi nilimwita muuguzi, nikamwomba magongo.

Kwa maumivu ya mguu usiokuwepo, kilichonifaa ni kioo. Unakisimamisha katikati ya miguu, kigutu kikiwa nyuma yake, kisha unauchezesha mguu mzima huku ukitazama taswira yake kiooni. Akili huona miguu miwili inayotii. Si kila mtu kinamsaidia, ila hakina gharama na hakina dawa za kumeza. Kioo cha kabati kinatosha.

Sasa mguu wenyewe. Teknolojia hii iliendelezwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ambayo ilianza kazi ya viungo bandia mwaka 1979, ikitafuta kitu cha bei nafuu, kigumu, kisichooza kwa unyevu. Fundi wangu alisomea TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, tangu mwaka 1981, ambako wanafunzi hutoka nchi nyingi za Afrika. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo nilimtazama kwa makini alivyopima. Alikizungushia kigutu bendeji ya plasta, akabonyeza kwa vidole gumba chini ya pia ya goti, pale panapobeba uzito, akaacha nafasi kwenye ncha ya mfupa. Ganda lile likajazwa plasta, umbo likachongwa tena kwa mkono, kisha karatasi nene ya plastiki ikatoka kwenye oveni imelegea, ikavishwa juu yake. Hapo ndipo panapopatikana soketi, yaani kikombe kinachokipokea kigutu. Ndani yake kuna sponji, na juu ya goti unafunga mkanda.

Kusimama kwa mara ya kwanza kati ya vile vyuma viwili vya kushikilia kunauma, tena kunatisha. Fundi analegeza, anakaza, anageuza unyayo kidogo nje, anakwambia tembea tena. Usimwonee haya. Pakiuma sema, na uoneshe kwa kidole panapouma.

Jambo nililoligundua mlangoni mwa msikiti ni hili: mguu hupangwa kulingana na kimo cha kisigino cha kiatu ulichovaa siku ya kupimwa. Ukivua kiatu, kisigino kinashuka, mguu unalalia nyuma na goti linasukumwa. Ukisimama rakaa nne unalisikia paja lote. Nilirudi karakana na kanzu na kandambili zangu, nikamwonesha fundi ninavyosimama, ninavyorukuu, ninavyokaa. Akanikatia kipande cha mpira mgumu cha kuweka chini ya kisigino, ndani ya soksi. Nikiingia msikitini navaa soksi hiyo, basi. Pia aliupunguza ukingo wa soketi nyuma ya goti, maana nikikaa baina ya sijda mbili ulikuwa ukinikata. Kusujudu nasujudu, ila vidole vya mpira havikunjiki, kwa hiyo mguu wa kulia naunyoosha pembeni.

Na siku ambazo kigutu kimechubuka naswali kwenye kiti, bila unyonge. Mtume (s.a.w.) alimwambia Imran bin Husain, aliyekuwa mgonjwa, aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Kuhusu udhu, imamu alinieleza kwamba mguu uliokatwa juu ya kifundo faradhi ya kuuosha imeondoka, na hivyo silazimiki kuuvua mguu bandia kila swala. Kabla ya hapo nilikuwa nauvua na kuuvaa mara tano kwa siku, nikichelewa swala ya jamaa. Kama una shaka, muulize sheikh wako mapema, usijitese.

Upungufu upo, tena si mdogo. Jasho ni adui. Ramadhani za miaka hii zimeangukia joto la kaskazi, na ukimaliza tarawehe sponji imelowa. Kila usiku naiosha kwa sabuni na kuikausha kivulini, na kigutu nakiosha na kukitazama kwa kioo kidogo upande wa chini. Wekundu ukiondoka ndani ya dakika 10 hadi 20, sawa. Usipoondoka, mguu unapumzika kesho, hata kama kuna harusi. Halafu kigutu kinaendelea kupungua, zaidi katika mwaka wa kwanza: soketi iliyokuwa inabana inaanza kucheza, kigutu kinazama na ncha inagonga chini. Unaongeza soksi ya kigutu, kisha ya pili. Zikizidi, soketi hiyo imekwisha kazi, unahitaji nyingine. Uliza bei ya soketi ya pili siku hiyohiyo unayolipia ya kwanza, uanze kuweka akiba.

Kazini, pedali ya cherehani inataka kifundo kinachocheza, na hiki hakichezi. Nimehamia mguu wa kushoto. Mshono ulipinda kwa muda, siku hizi wateja hawatofautishi.

Unyayo wa mpira nao huisha, na ukitembea peku kwenye changarawe huisha haraka zaidi. Ukiona umepasuka au kisigino kimekuwa laini mno, usisubiri, maana mwendo unaharibika na kiuno kinaanza kuuma. Fundi anafungua bolti, anafunga mwingine, soketi inabaki ileile. Siku hiyo nenda na kiatu unachokivaa kila siku pamoja na soksi yako ya msikitini, akupange upya kwa vyote viwili.