Kit ya waya za amplifaya iliyoandikwa "4 geji" na fyuzi ya 100: nyota 2 tu, soma kabla hujafunga mziki

Wadau wa mziki kwenye gari mlioko Arusha na Moshi, hii kit naiandikia leo maana bado naiona madukani na watu wanaibeba. Niliinunua Arusha mjini elfu 55, ndani ya boksi kuna waya mwekundu mita 5, mweusi mfupi wa ethi, RCA (waya za kuleta sauti kutoka kwenye redio), waya mwembamba wa bluu wa rimoti (wa kuiwasha amplifaya), na holda ina fyuzi bapa ya ampea 100. Juu ya boksi wameandika 4 geji kwa herufi kubwa (geji ni unene wa waya, namba ikiwa ndogo waya ni mnene zaidi). Ukiushika ule waya mwekundu ni mnene kama kidole, unasema hapa nimepata kitu.

Gari yangu ni IST, amplifaya ni klasi D (aina isiyopoteza umeme mwingi) ya chaneli moja, boksi lake limeandikwa wati 2000, sabufa moja ya inchi 12 kwenye buti. Nikafungiwa Moshi, mziki ukapiga vizuri miezi miwili, bezi safi kabisa sina la kusema.

Sasa jumapili moja natoka Moshi nakuja Arusha, nimeshapita Boma Ng'ombe, sauti iko juu, nikaanza kusikia harufu ya plastiki inaungua. Nikazima redio nikasimama pembeni, nikagusa kapeti chini ya siti ya abiria ni ya moto, kufunua nakuta waya umelainika plastiki yake imegandana na kapeti. Nyuma kwenye siti alikuwa mdogo wangu na mtoto wake wa miaka mitatu, yaani hadi leo nikikumbuka mwili unasisimka. Nikaangalia fyuzi kwenye holda, nzima! Haina hata alama. Waya unayeyuka na fyuzi imekaa tu inaangalia.

Kesho yake nikaenda mtaa wa Unga Limited hapa Arusha kwa mzee mmoja fundi umeme wa magari, nikampa shikamoo nikamweleza nahisi amplifaya imekufa. Wala hakuigusa. Akachukua plaizi akakata kipande cha waya, akachuna plastiki, akaniambia "chalii yangu, hebu tazama ulichonunua". Plastiki yote ile, katikati nyuzi zenyewe zikikusanywa zimezidi njiti ya kiberiti kidogo tu. Akakwangua uzi mmoja kwa kisu, ndani mweupe. Ni aluminiamu imepakwa shaba kwa juu. Aluminiamu inapitisha umeme kwa kama asilimia 61 tu ya shaba, na 4 geji ya kweli ni kama milimita za mraba 21 za shaba, huu wangu hata 8 geji haufiki.

Halafu akaniambia neno ambalo natamani kila mtu alijue, kwamba ile fyuzi ya kwenye waya unaotoka betri haipo kwa ajili ya amplifaya, ipo kwa ajili ya waya. Amplifaya ina fyuzi zake ubavuni. Ile ya mbele kazi yake ni kukatika kabla waya haujapata moto, basi. Kwa hiyo amplifaya yangu ilikuwa inaweza kuvuta mpaka ampea 60, waya hauwezi hata nusu ya hapo kwa raha, na fyuzi inasubiri zipite 100 ndo ishtuke. Katikati hapo waya unageuka hita chini ya kapeti na hakuna wa kuuzima.

Namna alivyochagua saizi mpya nitaieleza kirefu. Alianza kuangalia fyuzi za ubavuni mwa amplifaya, ziko mbili za 30 zile za kijani, jumla 60. Zile wati 2000 za kwenye boksi akasema achana nazo, maana 60 mara volti 13.8 za gari ikiwa inaunguruma ni kama wati 828 zinazoingia, na klasi D inatoa kama asilimia 80 ya hizo, sasa 2000 zitoke wapi? Wati za kweli ni zile za RMS, yaani inazoweza kutoa mfululizo, yangu ni 500. 500 gawa kwa 0.8 ni 625, gawa kwa 13.8 unapata kama ampea 45. Kwa hiyo fyuzi ya 60 inatosha na bezi haitaikata hovyo. Kisha ndo akaja kwenye waya, akaniletea 4 geji ya shaba tupu ambayo inabeba 100 na zaidi bila shida, akaweka 60. Ningeng'ang'ania 8 geji ya shaba angeniwekea 50, haijalishi amplifaya inataka nini, waya ndo unaamua mwisho.

Kingine, kule Moshi holda ilikuwa imefungwa ndani karibu na dashibodi. Mzee akaihamisha hadi jirani na betri, haizidi inchi 18, kwa sababu kipande cha kabla ya fyuzi hakina mlinzi, kikichubuka kikagusa bodi ni shoti moja kwa moja kutoka betri. Tundu la kupitishia waya kwenda ndani akaliwekea raba. Ethi akakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, waya saizi ile ile ya 4. Wenye amplifaya mbili, ukigawa waya mnene kwenda kwenye membamba kila tawi lipewe fyuzi yake.

Na jamani ile tabia ya kuzungushia fyuzi iliyokatika karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara ili ufike nyumbani tuiache kabisa, imekatika kwa sababu, tafuta sababu kwanza.

Waya, fyuzi na ufundi vyote vilinigharimu elfu 95, ghali kuliko kit lakini sasa hivi napiga mziki saa nzima nagusa waya ni wa baridi. Mzee nampa nyota 5. Kit nyota 2, RCA zake na ule waya wa rimoti ni wazima bado nazitumia. Ukienda kununua mwambie muuzaji akuchunie ncha ya waya uone nyuzi, akikataa rudisha boksi. Mimi kile kipande kilichoyeyuka niko nacho kwenye droo ya gari pamoja na fyuzi mbili za 60 za spea, anayetaka kukiona tukikutana mjini aniulize.