Matairi ya baiskeli kwa Dempster: nunua ubavu kwanza, meno baadaye

Barabara ya Dempster, kaskazini ya mbali ya Kanada, inaanzia karibu na Dawson City na kwenda hadi Inuvik: takriban kilomita 740, karibu zote changarawe. Tangu 2017 unaweza kuongeza 140 hivi mpaka Tuktoyaktuk, kando ya Bahari ya Aktiki. Eagle Plains, kilomita ya 369, utapata hoteli, mafuta na fundi wa pancha za magari. Tairi la baiskeli usilitegemee pale.

Lami usiisubiri pia. Barabara hii ni tuta nene la kokoto lililomwagwa juu ya ardhi iliyoganda, ili joto lisishuke likayeyusha barafu ya chini. Sehemu nyingine kokoto hizo ni za mwamba wa matabaka, unaobanduka vipande bapa vyenye makali. Greda likishapita, vipande hivyo hubaki vimesimama. Meno ya tairi hayazuii kitu hapo. Jiwe huchana ubavu.

Namba moja kwangu ni tairi lisilotumia tyubu, upana wa mm 50 hivi, lenye ubavu ulioimarishwa. Litafute lenye maandishi 50-622 ubavuni: namba ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha rimu, nayo ni ileile kwa magurudumu ya saizi 700C na inchi 29. Uzito utaongezeka, vumilia. Tundu dogo huzibwa na maji ya kuziba yanayowekwa ndani ya tairi, kabla hujashuka. Tundu kubwa zaidi utalisikia likipiga mluzi huku maji meupe yakirukia miguu: zungusha gurudumu tundu liwe chini maji yakusanyike hapo, penyeza utambi wa mpira tunduni, kata mkia, jaza upepo, twende. Ubavu ukichanika kweli, utambi hutoka kwa sababu pale tairi hujikunja kila mzunguko. Hapo shona kwa sindano nene na uzi wa kuvulia samaki, bandika kiraka kwa ndani, kisha weka tyubu.

Namba mbili: tairi zito la safari ndefu lenye tyubu. Ni jizito, pancha zitakuwa nyingi, lakini kila kitu unakijua na kiraka na gundi vinatosha. Kama hujawahi kufunga tairi bila tyubu, chukua hili. Barabarani si mahali pa kujifunzia.

Tatu ni tairi la baiskeli ya milimani, inchi 2.25 na kuendelea. Kwa starehe lingekuwa la kwanza. Nimelishusha kwa sababu ya tope: barabara hunyunyiziwa chumvi iitwayo kloridi ya kalsiamu kuzuia vumbi, na mvua ikinyesha hugeuka udongo wa kunata unaojaa kati ya tairi na fremu hadi gurudumu ligome. Kama kidole gumba hakipiti hapo, liache.

Tairi jembamba la mashindano, mm 40 kushuka? Acha nyumbani.

Lolote utakalochagua, beba moja la akiba la kukunjwa, na tyubu mbili hata kama hutumii tyubu. Maji ya kuziba yaweke mapya kabla ya kuondoka, maana hukauka ndani ya miezi michache, na chupa ndogo ya kuongezea iwe mfukoni.