Trekta la nguvu farasi 45 kwenye shamba la ekari 20, Hombolo: uzoefu wangu

Muuzaji wa matrekta akishasikia idadi ya ekari zako, mara nyingi huwa tayari ana jibu. Kwangu jibu hilo lilikuwa trekta la nguvu farasi 75, la kundi la Massey Ferguson 375, ambalo kwa watu wengi wa Dodoma ndilo hasa linaloitwa trekta. Sikulichukua. Nilinunua la nguvu farasi 45, linalovuta kwa magurudumu yote manne na lenye uzito usiofika tani 2, na sasa nimelitumia misimu ya kutosha kusema linapofaa na linapozidiwa.

Ekari zangu 20 hazifanani hata kidogo. Ekari 3 ni za zabibu, sehemu kubwa ni mteremko wa udongo mwekundu wa kichanga ninakopanda alizeti na mtama, na kule chini kuna kipande cha mbuga nyeusi, yaani udongo mzito wa mfinyanzi, kinachotuamisha maji wakati wa kifuku. Zabibu ndizo zilizoamua upana. Mistari yangu imeachana mita 2 na nusu, na trekta kubwa lenye upana unaokaribia mita 2 lingebakiwa na nafasi ya robo mita tu kila upande, bila kuhesabu matawi yaliyotanda na waya zilizolegea. Langu lina upana wa mita 1 na nusu, kwa hiyo dereva hupita na haro (zana ya kuvunja mabonge ya udongo) nyembamba bila kuchubua mashina. Mwenye zabibu asikubali kuambiwa nguvu za injini kabla hajapima kwa futi upana wa trekta kutoka ukingo wa nje wa tairi moja hadi wa jingine.

Kwenye mteremko kilichoamua ni mvua. Dodoma hupata takriban milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, nazo hunyesha katika msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, hivyo anayesubiri mvua ya kwanza ndipo aanze kulima hujikuta akigombea siku chache za unyevu na kijiji kizima. Hoja ya kununua trekta kubwa ni kwamba litamaliza haraka ndani ya siku hizo. Mimi nilichagua kuanza mapema: kuanzia Oktoba, ardhi ikiwa bado kavu, navuta ripa ya jino moja na kuchana mistari ya kina cha sentimita 20 hivi iliyoachana sentimita 75, ambayo ndiyo nafasi ya mistari ya alizeti. Jino moja halihitaji nguvu farasi 75, na maji ya mvua ya kwanza huingia kwenye mfereji ule badala ya kutiririka hadi mbugani. Kwa dizeli, ripa hunila lita 3 hivi kwa ekari, wakati plau la diski mbili hufikia 6 au 7.

Udongo wetu ukikauka hauheshimu ukubwa wa mashine. Kongwa, jirani zetu wa mashariki, ndiko Waingereza walikoleta matrekta kwa wingi baada ya Vita Kuu ya Pili ili kulima karanga. Ardhi iliganda kama saruji baada ya mvua, mchanga wake ukala majembe, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Diski zangu nazo zinaliwa na mchanga huo huo, na gharama yake lazima iingie kwenye hesabu ya kila mwaka.

Ukipata nafasi ya kujaribu trekta shambani kwako kabla ya kulipa, usiridhike na mngurumo wa injini. Chora alama ya chaki kwenye tairi la nyuma, hesabu mizunguko 10 trekta likitembea bila kulima, kisha pima umbali. Rudia plau likiwa ardhini. Kwenye kichanga changu mizunguko hiyo ilitoa mita 40 bila plau na 35 likiwa na plau, yaani upungufu wa asilimia 12 na nusu. Hadi asilimia 15 unavumilika. Kwenye mbuga iliyolowa zilibaki mita 30. Hapo tatizo si injini, maana haikuonyesha dalili ya kuchoka. Trekta ni jepesi na tairi linateleza. Nilijaza maji robo tatu ya matairi ya nyuma, nikaongeza zaidi ya kilo 100 kila upande kwa gharama ndogo sana (baridi yetu ya Juni na Julai, pamoja na malalamiko yake yote, haigandishi maji), na hali ikawa afadhali, ingawa mbuga ikishiba maji bado naiacha hadi ikauke.

Kazi za kusimama hazijawahi kulishinda. Shafti ya nyuma huzunguka mara 540 kwa dakika kama ya matrekta makubwa, na mashine ya kupura mtama huendeshwa nayo bila injini kulemewa. Kwenye tela nakuwa mwangalifu zaidi: kuvuta tani 3 kwenye tambarare si kazi, lakini kushuka nazo mteremko kwa trekta lenye uzito mdogo kuliko mzigo ni hatari, kwa sababu tela lisilo na breki zake ndilo linalosukuma. Kwenye mteremko wangu sipakii zaidi ya tani moja na nusu.

Wapo walionishauri ninunue kubwa ili nilimie watu kwa malipo. Hiyo ni biashara nyingine, yenye dereva wa kudumu, spea za akiba na plau la diski tatu, na anayeitaka atafute nguvu farasi 70 kwenda juu. Kwa mwenye shamba lililo mbuga zaidi ya nusu, kwa mfano majaruba ya mpunga ya Bahi, nguvu farasi 45 nisingempendekezea. Aanzie 55, na aulize uzito wa trekta kabla ya bei.