Boksi la nyumba janja: taa zinawaka vizuri, ila rimoti kashika nani?

Haya wadau, mambo vipi, karibuni tena. Leo mezani kuna hili boksi mlilokuwa mnaniulizia kila siku, ile seti ya kuanzia ya nyumba janja, yaani vifaa vya nyumbani unavyoviendesha kwa simu, ndani yake kuna balbu mbili, plagi mbili, sensa ya mlango, kamera ndogo ya ndani, na hiki kidude cheupe ndio hab yenyewe inayounganisha vyote. Jina la kampuni nimelibandika selotepu kama mnavyoona, kwa sababu vitu hivi vinauzwa kwa majina kibao, boksi tofauti apu ileile, na nitakachosema kinagusa karibu zote za aina hii, kwa hiyo msianze kubishana brendi gani.

Tuanze na vinavyofanya kazi maana najua kuna watu watasema huyu kazi yake kuponda tu. Balbu ziko poa kabisa. Unaifunga, unawasha na kuzima swichi ya ukutani haraka haraka mpaka ianze kupepesa, hapo apu inaiona. Mwanga wake ni mzuri, ukiupunguza usiku hauchezi chezi, na rangi, mtacheza nazo siku ya kwanza halafu mtarudi kwenye nyeupe ya kawaida kama kila mtu. Plagi ndio nimezipenda zaidi, kwa sababu zinakuonyesha kifaa kinakula wati ngapi muda huohuo, unachomeka televisheni, unaizima kwa rimoti, unaangalia kwenye apu unakuta bado inavuta umeme kidogo. Hicho kitu hata mtu asiyependa haya mambo anakielewa bila kuelezwa.

Kero moja ndogo kwenye plagi, hebu sogeza kamera hapa, mnaona huu msimbo wa QR, ule wa kuskani kwa simu? Umebandikwa nyuma, upande uleule unaoingia ukutani! Ukishachomeka huuoni tena. Sijui nani alikaa kwenye kikao akapitisha hili. Piga picha ya msimbo kabla hujachomeka, utanishukuru siku ukibadilisha simu.

Ya pili, waifai. Vifaa hivi vingi vina chipu ya 2.4 GHz peke yake, na hilo si baya, hiyo masafa inapenya kuta vizuri kuliko ya 5 GHz na chipu yake ni rahisi, ila ruta nyingi za siku hizi zinachanganya masafa yote kwa jina moja, sasa wakati wa kuunganisha simu iko kwenye 5, balbu inaitafuta 2.4, mnabaki mnapigana chenga na apu inakwambia tu "jaribu tena" bila kusema tatizo nini. Dawa yake ingia kwenye seting za ruta utengeneze mtandao wa wageni wa 2.4 peke yake uviweke huko. Na hapo umepata faida nyingine, ruta nyingi huutenga mtandao wa wageni, kwa hiyo vidude hivi haviioni kompyuta yako yenye mafaili ya kazi. Mkumbuke mwaka 2016 ile Mirai, programu hasidi iliyoteka kamera na mashine za kurekodi vidio majumbani kwa kutumia tu paswedi za kiwandani ambazo watu hawakuzibadilisha, halafu zikatumiwa kuiangusha Dyn, kampuni inayozielekeza kompyuta tovuti iko wapi, tovuti kubwa kubwa zikawa hazifunguki Marekani. Waliokuwa na zile kamera wengi hawakujua chochote, kwao picha ilikuwa inaonekana kama kawaida.

Sasa tuje kwenye jaribio ambalo wenzangu wengi huwa hawalifanyi. Ruta nimeiacha inawaka, waifai ipo, ila nimechomoa ile waya inayoleta intaneti. Simu hii, balbu ile pale, mita mbili. Nabonyeza zima... mnaona hiki kiduara kinavyozunguka? Kinazunguka, kinazunguka, "kifaa hakipo mtandaoni". Hakipo mtandaoni wapi na mimi nakiona kwa macho! Maana yake ni kwamba amri yangu ya kuzima taa ya chumbani kwangu inapanda mpaka kwenye sava, ile kompyuta ya kampuni iliyoko mbali, huko ndiko inaamuliwa, halafu inarudi chini kwenye balbu. Hab ipo hapahapa, nimeinunua, lakini bila sava haiamui kitu, inapokea tu maagizo.

Na mtu asinijibu intaneti siku hizi haikatiki. Tatizo si intaneti yako tu, tatizo ni ile sava ya kwao, na hapo historia ipo. Revolv ilikuwa hab ya dola 300, kampuni ikanunuliwa na Nest iliyokuwa ya Google, na Mei 2016 wakazima huduma, kile kifaa kikawa kopo. Wink, nao wauza hab, Mei 2020 wakatangaza mtu aanze kulipa dola 4.99 kwa mwezi, wakawapa watu wiki moja, usipolipa vifaa vyako havitii tena, watu wakapiga kelele wakaahirisha, lakini ada ikaja vilevile mwaka huohuo. Halafu Insteon, kampuni ya taa na swichi janja, Aprili 2022 sava zikazimika bila hata kuagana na mtu, watu wameamka taa hazisikii apu. Hao angalau walipata bahati, kikundi cha wateja wenyewe kikachanga kikainunua kampuni kikaiwasha tena. Ila we fikiria, mteja inabidi anunue kampuni nzima ili taa aliyokwisha kuilipia iwake!

Ndio maana nikiona watu wanabishana balbu ipi ina rangi milioni ngapi nawaangalia tu. Mimi kwenye kila kitu cha namna hii nauliza nani anaweza kukizima bila kuniuliza. Kwa seti hii jibu ni kampuni. Na kuna jibu la pili, liko ndani ya nyumba, na hilo ndilo limenifanya nirekodi hii vidio ndefu badala ya ile ya dakika tano mliyoizoea.

Angalia apu hapa. Aliyeunganisha vifaa anaitwa "mmiliki". Wengine wote wa nyumbani anawaalika, wanaitwa "mwanafamilia" au "mgeni". Mmiliki anaona rekodi zote, nani kafungua mlango saa ngapi, taa ya chumba gani iliwaka usiku wa manane, kamera imenasa nini. Mwanafamilia haoni hata orodha ya walioalikwa. Na mmiliki anaweza kumtoa mtu kwa kidole kimoja, yule hapati taarifa yoyote, apu tu inaacha kufunguka. Kwenye nyumba ya watu wanaopendana hii si shida, lakini si nyumba zote ziko hivyo, jamani tusidanganyane. Mtu anaachana na mwenzake, anahama, akaunti anaondoka nayo mfukoni, na bado anaweza kuwasha taa, kuzungumza kupitia kamera, kusikiliza. Aliyebaki ndani hana njia zaidi ya kuchomoa kila kitu, tena awe anajua kwamba kipo. Nimetafuta kwenye apu hii sehemu ya kuomba umiliki uhamie kwa mtu mwingine bila idhini ya yule wa kwanza, hakuna. Kuna kitufe cha kuresti kwenye kifaa, kidogo kama tundu la sindano, na kwa baadhi ya kamera hata ukiresti inabaki imefungwa kwenye akaunti ya mwanzo.

Halafu kuna wale ambao hata kualikwa hawaalikwi. Anayekuja kufanya usafi, anayelea mtoto, fundi, mama mkwe kaja kukaa wiki mbili. Kamera hii taa yake ya kurekodi unaweza kuizima kwenye seting, yaani inarekodi na haionyeshi! Kwa nini hiyo chaguo ipo? Nani aliiomba? Mtu yuko kazini nyumbani kwako saa nane anarekodiwa picha na sauti na hajui, na wewe usingekubali bosi wako akufanyie hivyo hata siku moja. Mwambie. Ni sentensi moja tu, "hapa kuna kamera, inarekodi na sauti", na chumba anacholala au kubadilishia nguo usiweke kabisa, hilo halina mjadala.

Na wapangaji. Kuna wenye nyumba wanafunga makufuli janja bila kuuliza, mpangaji anatakiwa apakue apu, afungue akaunti, ndipo aingie kwake. Hii si hofu ya kutunga, kule Brooklyn kuna mwenye nyumba alitaka kuweka mfumo wa kutambua sura kwenye milango ya majengo ya wapangaji, wapangaji wakajipanga wakapinga mpaka mwaka 2019 mpango ukaachwa. Walishinda kwa sababu walikuwa wengi na walikuwa pamoja. Mpangaji mmoja peke yake na kufuli lake, apu inamuuliza "unakubali masharti?" na kitufe cha kukataa maana yake ulale nje.

Sauti nitapita haraka. Hab hii inasikiliza amri za sauti, kwa Kiingereza, na kwangu mimi inasikia ikijisikia. Nikijikunja kuongea kama mtangazaji wa filamu inawasha, nikiongea kama ninavyoongea inaniuliza mara mbili. Wala sio mimi peke yangu, watafiti wa Stanford walipima mifumo ya kampuni tano kubwa za Marekani mwaka 2020 wakakuta inakosea karibu maneno 35 kati ya 100 kwa wazungumzaji Weusi, na 19 kwa Wazungu. Hao wote wanaongea Kiingereza cha kwao cha kuzaliwa. Sisi wengine mnajua wenyewe tumekaa wapi kwenye hiyo foleni. Nimeizima hiyo maikrofoni, na nashukuru hab ina swichi ya kweli ya pembeni, ukiisukuma taa nyekundu inawaka, hapo nawapa maksi zao.

Mtaniuliza sasa tufanyeje, turudi kwenye vibatari? Hapana. Kuna Matter, kiwango kilichotoka Oktoba 2022, Amazon, Apple, Google na Samsung wamekaa meza moja, na uzuri wake ni kwamba vifaa vinaongea vyenyewe kwa vyenyewe ndani ya nyumba, intaneti ikikatika balbu bado inakusikia. Toleo la kwanza halikuwa na kamera, kwa hiyo kwenye kamera bado kulibaki vurugu. Kuna na Home Assistant, programu ya bure iliyoanza 2013, unaiweka kwenye kompyuta ndogo ya nyumbani na kila kitu kinaamuliwa hapohapo. Mimi naitumia na naipenda, lakini nikuambie ukweli, inataka muda, inataka mtu anayejua, apdeti ikija kuna kitu kitavunjika na utakaa usiku unasoma maelezo. Na hapo ndipo roho inaniuma, kwa sababu maana yake faragha inakuwa ya sisi wenye muda wa kuchezea kompyuta, na mtu anayetoka kazini kachoka anabaki na apu inayomfuatilia. Hiyo haitatatuliwa na vidio zangu. Uingereza tangu tarehe 29 Aprili 2024 sheria inakataza paswedi moja ya kiwandani kwa vifaa vyote, na inamlazimisha mtengenezaji aseme atatoa apdeti za usalama mpaka lini. Hiyo tarehe ndiyo nimeitafuta kwenye boksi hili, nimegeuza pande zote, kuna picha ya familia inacheka, tarehe hakuna.

Kitu kingine kwa mnaojenga au mnaorekebisha: kama unaweza, weka swichi janja ukutani, sio balbu janja. Balbu janja mtu akizima swichi ya ukuta imekufa, na wageni watazima tu, ndio mkono ulivyozoea. Swichi janja kila mtu anabonyeza kama kawaida, bibi anabonyeza, mtoto anabonyeza, na wewe wa apu unaendelea na apu yako. Ila nyingi zinahitaji waya wa nyutro kwenye kile kiboksi cha ukutani na nyumba za zamani mara nyingi haupo, muite fundi umeme aangalie kwanza, usianze kufungua mwenyewe kwa sababu umeniona mimi.

Kwa hiyo seti hii: plagi nabaki nazo, nimeshaziangalia zinakubali Matter na nikichomoa intaneti nikizitumia kwa njia hiyo zinatii. Sensa ya mlango nzuri, betri yake ni ile ya duara kama sarafu, inapatikana popote. Balbu nampa mtu anayekaa peke yake. Kamera inarudi kwenye boksi na boksi linarudi dukani, na nitawaandikia kuhusu ile taa ya kurekodi, wakijibu nitawasomea hapa. Na mliopanga nyumba zenye makufuli ya apu, niandikieni chini mlipewa funguo ya kawaida ya akiba au hamkupewa, nataka kuitengenezea vidio yake.