Palm na simu, au Treo peke yake? Uzoefu wangu

Kwa muda mrefu nilitembea na vifaa viwili: Palm Tungsten E, yaani kompyuta ndogo ya mkononi isiyopiga simu, mfuko wa shati; simu ya kawaida mfuko wa suruali. Simu ilikuwa ya kuongea. Palm ilikuwa ya miadi, anwani na yale maandishi ya ovyo ovyo ambayo mtu huyaandika akiwa kwenye foleni. Treo 650 ilipotoka mwaka 2004, ikiwa na programu zilezile za Palm ndani ya simu, niliikataa karibu mwaka mzima. Mwishowe nikanunua iliyokwisha kutumika.

Nianze na kinachoniudhi. Zamani simu ikiwa sikioni, Palm ilikuwa mezani na kalenda iko wazi. Mtu akiuliza, "Alhamisi saa nne unaweza?" naigusa Alhamisi kwa ile kalamu ya plastiki, naona pana nafasi, naandika jina lake palepale. Kwa Treo, kalenda yenyewe ndiyo imebanwa shavuni! Inabidi niseme "ngoja kidogo", niitoe sikioni, niwashe spika, niifungue kalenda, huku kila aliye karibu anasikiliza mambo yetu. Ukivaa vya masikioni tatizo linaisha. Mimi huvisahau.

Na mwandiko. Kwenye Palm nilikuwa naandika herufi moja juu ya nyingine pale chini ya kioo huku macho yangu yako kwa anayezungumza. Vitufe vya Treo ni vidogo kama shanga. Kwa ujumbe mfupi vina kasi kweli, lakini lazima uinamishe kichwa, na mtu akikuona umeinama anadhani humsikilizi.

Sasa upande wa pili. Tungsten E haina Bluetooth, na simu yangu ya zamani haikuwa na infrared (kutuma data kwa mwanga usioonekana), kwa hiyo havikuweza kupeana namba. Kila namba niliisoma kwenye kioo kimoja nikaibonyeza kwenye kingine, tarakimu baada ya tarakimu. Kuna namba niligeuza 6 ikawa 9, nikampigia mzee mmoja nisiyemjua mara tatu. Ile ya tatu alinisalimia kama mjukuu wake. Kwenye Treo unagusa jina, inaita.

Halafu suala la memori. Tungsten E huweka kila kitu kwenye memori inayotegemea betri, kwa hiyo chaji ikikauka kabisa, vyote vinafutika. Niliwahi kusafiri nikaiacha nyumbani wiki kadhaa. Niliporudi na kuichaji, iliwaka kama imetoka dukani leo, ikaniomba niguse alama za kupima kioo. Kompyuta ilinirudishia nilivyokuwa nimevioanisha, lakini maandishi ya siku za mwisho yalipotea. Uzembe wangu, sikatai. Treo 650 unaweza kuichomoa betri, ukairudisha, ukakuta kila kitu kilipokuwa.

Ila chaji! Palm niliichaji mara moja au mbili kwa wiki. Treo nachaji kila usiku. Na ikizima, inazima na kila kitu. Hata ukiazima simu ya mwenzako, utampigia nani, wakati namba zote zimo humo ndani? Uzuri ni kwamba betri yake inatoka, kwa hiyo natembea na ya pili kwenye mkoba.

Kama kazi yako ni kupanga miadi ukiwa kwenye simu mchana kutwa, baki na vifaa viwili. Mimi nimebaki na Treo kwa sababu moja isiyo ya kitaalamu: Palm niliisahau mezani mara kwa mara, simu siisahau. Kengele ya kikao inalia pale nilipo.

Palm iko kwenye droo. Kila Jumapili naichaji.