Ukurasa wa kuchagua programu kwenye Windows 11: naupa nyota nne kati ya tano

Mwanachama wa kwanza kwenye orodha ya chama chetu, ambacho mimi ni katibu wake, namba yake ni 00017. Siku moja mweka hazina alinitumia orodha ya wanachama, faili la CSV, yaani jedwali lililoandikwa kama maandishi matupu, safu zikitenganishwa kwa mkato. Nikalibofya mara mbili, nikasahihisha jina moja lililokosewa, nikahifadhi, nikamrudishia. Jioni akanipigia simu: "Katibu, sifuri zimekwenda wapi?" Nikafungua tena nikaona 00017 imebaki 17. Namba za simu nazo, zote zilizoanza na sifuri, zimekatwa kichwa.

Programu ya majedwali ndiyo iliyofungua lile faili. Iliona tarakimu, ikachukulia kuwa ni hesabu, na kwenye hesabu sifuri ya mbele haina kazi, ikaiondoa. Nilipohifadhi nikawa nimeugonga muhuri uharibifu wenyewe. Wala mimi sikuichagua programu ile ifungue CSV. Nilipoisakinisha ilijitwalia kazi hiyo, nami sikuwahi kuangalia.

Wataalamu wakubwa kuliko mimi wameumizwa na jambo hilihili. Jeni za binadamu zilizoitwa SEPT1 na MARCH1 zilikuwa zikigeuzwa kuwa tarehe kila orodha zake zilipofunguliwa kwenye majedwali, hadi mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni ikatoa mwongozo mpya. Leo zinaitwa SEPTIN1 na MARCHF1. Yaani sayansi ilibadilisha majina ili kukwepa kubofya mara mbili!

Tangu hapo nimekaa sana na ukurasa wa programu chaguomsingi, yaani zile zinazofungua faili ukilibofya mara mbili, ule ulio ndani ya mipangilio ya Windows 11, sehemu ya programu. Juu kabisa pana kisanduku cha kutafutia. Andika aina ya faili pamoja na nukta yake, .csv, na papo hapo unaonyeshwa ni programu gani inayoifungua sasa. Bofya jina lake, orodha ya programu nyingine inajitokeza, chagua, thibitisha, kazi imekwisha. Mimi CSV nimeikabidhi kwa Notepad, programu ya maandishi matupu, ambayo haigusi sifuri wala tarehe. Ninapohitaji majedwali kweli, nafungua kwanza programu ya majedwali, halafu naliingiza faili kwa utaratibu wake, na safu ya namba za wanachama naiambia kwamba ni maandishi. Inachukua dakika moja zaidi na sijapoteza sifuri tena.

Watu wengi waliulalamikia ukurasa huu Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021. Aliyetaka kubadilisha kivinjari alilazimika kupita kwenye .htm, .html, HTTP, HTTPS na nyingine, moja baada ya nyingine. Kwa kivinjari nakubaliana nao, na mwaka 2022 kiliongezwa kitufe kimoja cha kumaliza kazi hiyo. Ila kwa mafaili mengine yote natetea utaratibu wa moja moja, tena kwa nguvu. Mipangilio ya kukubali vyote kwa pamoja ndiyo inayotuponza. Zamani, kabla ya ulinzi nitakaoueleza hapa chini, nilipata kusakinisha programu moja ya bure ya kusomea PDF, nikabofya kukubali bila kusoma, na kesho yake picha zangu na kurasa za wavuti zilizohifadhiwa zote zimevaa ikoni yake. Nilikaa nikizirudisha: .jpg, .png, .htm. Kuzirudisha moja moja ndiko kulikonifundisha kwamba kila aina ni uamuzi wake.

Nyuma ya ukurasa huu kuna ulinzi ambao wengi hawaujui. Tangu Windows 8, ya mwaka 2012, kila chaguo lako huwekewa alama ya siri inayokokotolewa na mfumo wenyewe. Programu ikijaribu kulibadilisha kimyakimya alama hailingani, na chaguo linakataliwa. Ndiyo maana siku hizi programu nyingi, badala ya kunyakua, zinakuomba uende mwenyewe kwenye mipangilio. Msikasirikie hatua hiyo ya ziada, ni ya kuwalinda. Pia chaguo ni la akaunti, si la kompyuta nzima. Mwanangu anaingia kwa akaunti yake kwenye mashine hiyohiyo, na video zake zinafunguka kwa programu aipendayo bila kugusa zangu.

Njia ya mkato mnaijua: bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nenda kwenye kufungua kwa programu nyingine, chagua. Hapo mwishoni utapewa njia mbili, mara hii tu au kila mara. Naomba msibofye kila mara kwa pupa. Kama unajaribu programu, jaribu mara hii tu kwa siku kadhaa.

Kabla ya hayo yote, onyesha viendelezi, zile herufi zinazofuata nukta mwishoni mwa jina la faili. Windows huvificha yenyewe, na bila kuviona huwezi kujua unachagulia nini. Fungua folda yoyote, nenda kwenye menyu ya mwonekano, kisha kuonyesha, uweke alama kwenye viendelezi vya majina ya faili. Hili ni la usalama pia: faili linaloitwa ankara.pdf.exe litaonekana kama ankara.pdf tu wakati viendelezi vimefichwa, kumbe ni programu inayosubiri kubofywa. Na kiendelezi ni lebo tu. Ukibadilisha jina kutoka .docx kwenda .pdf hujageuza kitu, umemdanganya msomaji wa lebo. Fungua faili la PDF kwa Notepad utaona linaanza na %PDF, fungua la .docx utakuta herufi PK, kwa kuwa ndani yake ni kifurushi cha zip, yaani mafaili kadhaa yaliyobanwa pamoja.

Nilizozichagua mimi ni hizi. PDF nimeipa SumatraPDF: ni nyepesi, inafunguka kabla sijaondoa kidole kwenye kipanya, na inasoma vitabu vya EPUB pia. Kusaini na kujaza fomu ndefu ninafanyia kwingine. Video na sauti zote ni za VLC, ile yenye koni ya barabarani, iliyoanza kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris mwaka 1996. Sijaletewa bado video iliyoishinda, iwe .mkv, iwe .avi ya zamani. Vifurushi vya zip na 7z ni vya 7-Zip. Nyaraka za .odt zinakwenda LibreOffice, za .docx nimeziacha kwenye programu ambayo wenzangu wanaitumia, maana tunarudishiana rasimu na mpangilio wa kurasa unavurugika kirahisi.

Jambo moja linalowachanganya watu: unaweza kuichagua SumatraPDF, halafu ukibofya PDF kwenye wavuti ikafunguka ndani ya kivinjari. Ukurasa haujaharibika. Kivinjari kina mipangilio yake ya PDF, na humo ndimo unamoamua kiionyeshe au kiipakue.

Kwa waliozoea Mac, kule unabofya faili, unabonyeza Command na I, unachagua programu, kisha unaamuru mabadiliko yahusu mafaili yote ya aina hiyo. Ukisahau hatua ya mwisho, umebadilisha faili hilo moja tu, jambo ambalo wakati mwingine ndilo unalolitaka na Windows haina. Kwenye Linux chaguo zote hukaa katika faili moja la maandishi, mimeapps.list, unalisoma kwa macho yako na kulibeba hadi kompyuta nyingine.

Na hapo ndipo nyota ya tano ilipopotelea. Windows 11 haina kitufe cha kubeba chaguo zangu kwenda nazo kwenye mashine mpya. Ipo amri ya wasimamizi wa mitambo, DISM, inayotoa orodha kama faili la XML, lakini ukiiingiza inawahusu watumiaji watakaoingia kwa mara ya kwanza, si akaunti iliyokwisha kutumika. Kitufe cha kurejesha kipo, ila kinarudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani, hakirudishi ulivyopanga wewe jana. Ningefurahi sana kupewa hicho cha jana.

Kwa sasa orodha yangu nimeiandika kwa kalamu ndani ya jalada la daftari la wanachama, na .csv iko mstari wa kwanza. Mweka hazina ameinakili kwake.