Mkopo wa Siku 14 katika Mji wa Misimu: Tathmini ya Hazina ya Hustler na Misaada Iliyoitangulia

Serikali ya Kenya ilijaribu njia kadhaa za kuwanyanyua wafanyabiashara walioangushwa na korona, na wengi wetu hapa Mombasa tumezipitia au tumeona majirani wakizipitia. Tathmini hii inaihusu zaidi Hazina ya Hustler, mfuko wa serikali unaokopesha watu kwa simu, kwa sababu ndiyo iliyomfikia mchuuzi moja kwa moja mkononi, lakini kuihukumu bila kutazama mpango wa mwaka 2020 uliotangulia kungekuwa kuionea.

Kwanza tukumbuke hasara yenyewe ilikuwa ya namna gani. Amri ya kutotoka nje usiku ilianza Machi 27, 2020, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aprili 8 kaunti nzima ikafungiwa watu kuingia na kutoka hadi Julai 7. Na mwezi Mei Mji wa Kale ukawekewa vizuizi vyake peke yake. Mombasa ni mji unaokula jioni. Muuza viazi karai, mchoma mishkaki na mwenye birika la kahawa huwasha makaa wakati afisi zinapofungwa, kwa hiyo amri ile haikuwapunguzia saa za kazi bali iliwafutia kazi yenyewe. Hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu zilipokosa wageni, waliokosa riziki pamoja nazo ni wavuvi, wauza vinyago, madereva wa tuktuk na wafua nguo, watu ambao hawamo katika daftari la mshahara la hoteli yoyote.

Mei 23, 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza mpango wa kufufua uchumi wa shilingi bilioni 53.7. Katika fungu la utalii zilitengwa bilioni 2 za mikopo nafuu ya kukarabati hoteli, kupitia Shirika la Fedha za Utalii. Kwa mwenye hoteli yenye hatimiliki ya kuweka rehani, huo ulikuwa msaada wa maana. Kwa anayekodisha maboya ufuoni haukuwa na mlango wa kuingilia, kwa kuwa hakuna ukarabati wa boya.

Nafuu za kodi zilikuwa za haraka zaidi, na nazistahi kwa hilo. Kodi ya ongezeko la thamani ilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14, na kodi ya mauzo kwa biashara ndogo kutoka asilimia 3 hadi 1. Hata hivyo, kodi hiyo ya mauzo ilihusu biashara zenye mauzo ya kuanzia shilingi milioni 1 kwa mwaka, na wengi wa wenye vibanda vya soko la Kongowea hawafiki hapo. Kibaya zaidi ni ratiba: kodi ya ongezeko la thamani ilirudishwa asilimia 16 Januari 1, 2021, ilhali amri ya usiku, ingawa saa zake zilikuwa zimelegezwa, haikuondolewa mpaka Oktoba 20 mwaka huo. Kwa miezi zaidi ya tisa mfanyabiashara wa jioni alidaiwa kama mtu aliyepona huku bado amefungwa.

Mpango wa serikali kudhamini mikopo ya benki, uliozinduliwa mwishoni mwa 2020, ulikuwa na wazo zuri: serikali ibebe sehemu ya hasara ili benki zisiwaogope wadogo. Mwenye duka la leso ninayemfahamu aliifuata benki moja kwa sababu hiyo, akaulizwa hesabu zilizokaguliwa za miaka iliyopita. Yeye hesabu zake ziko katika daftari la mistari, na wateja wa mkopo wameandikwa kwa majina ya utani. Alirudi dukani.

Huduma ninayoipa alama ya juu kuliko zote haikutengenezwa kwa ajili ya wafanyabiashara. Kazi Mtaani ilianza Aprili 2020 katika kaunti nane, Mombasa ikiwamo, na iliwalipa vijana wa mitaa duni kuzibua mitaro, kuzoa taka na kufyeka vichaka. Katika awamu ya pili malipo yalikuwa shilingi 455 kwa siku, tena kwa zamu. Ni ujira mdogo, wala sisemi ulitosha. Lakini ulilipwa kwa simu, na jioni hiyohiyo ulikuwa umeshafika kwa mama wa mahamri, kwa muuza maji wa mkokoteni na kwa mwenye duka aliyekuwa akidaiwa na muuzaji wa jumla. Duka la mtaani lilipata kitu ambacho mkopo hauwezi kuleta: mteja mwenye pesa.

Hazina ya Hustler ilizinduliwa na Rais William Ruto Novemba 30, 2022. Kwa urahisi wa kuipata haina mshindani. Unabonyeza *254#, unakubali masharti, na fedha zinaingia bila fomu, bila mdhamini na bila kupanga foleni popote. Riba ni asilimia 8 kwa mwaka, na yeyote aliyewahi kukopa katika programu za simu za watu binafsi anajua hiyo ni ahueni kiasi gani.

Tatizo liko katika kiasi na muda. Mkopo wa kibinafsi uliwekwa kati ya shilingi 500 na 50,000, wa kulipwa ndani ya siku 14, na wengi walianzia chini kabisa. Chukua hiyo 500: asilimia 5, yaani shilingi 25, inakwenda kwenye akiba, unabaki na 475, riba ya siku 14 haifiki hata shilingi 2. Bei ni nzuri mno. Ila mwisho wa 2022, pakiti ya kilo 2 ya unga wa ngano na lita moja ya mafuta ya kupikia zilimeza karibu zote, kabla hujanunua sukari, nazi wala makaa. Huo ni msaada wa siku moja ya kupika, si mtaji wa kumrudisha sokoni aliyekula mtaji wake wakati wa korona.

Siku 14 nazo zimepangwa na mtu asiyeijua bahari. Biashara ya Pwani hufuata pepo. Kusi likivuma, kuanzia Aprili hivi, bahari huchafuka, mashua ndogo hushinda pwani, na wageni wa hotelini huwa haba. Kaskazi likirudi mwishoni mwa mwaka, mifuko hufunguka. Mwanamke anayenunua samaki kwa wavuvi ili awakaange hawezi kuahidi wiki mbili katikati ya Juni.

Kwa hiyo mkopo wa vikundi, uliozinduliwa Juni 1, 2023, naona ndio bidhaa bora ya hazina hii. Ni kuanzia shilingi 20,000 hadi milioni 1, riba asilimia 7, na muda wa miezi sita, unaoweza kuvuka sehemu kubwa ya msimu mbaya. Akina mama wa Kisauni na Likoni wana vyama tangu zamani, wanajuana tabia, na anayechelewesha hufuatwa nyumbani kwa adabu kabla deni halijaharibika.

Mkopo wa kibinafsi ninaupendekeza kwa anayezungusha pesa kila siku: dereva wa bodaboda anayetengeneza tairi, muuza mboga anayelipa kabla ya wiki kwisha, na yeyote anayetaka kupandishiwa kiwango taratibu. Mwenye biashara ya ufuoni asiuguse kati ya Aprili na Agosti. Ajiunge na kikundi kilichosajiliwa, na maombi yapelekwe mapema ili fedha ziwe mkononi kabla wageni wa Desemba hawajaanza kushuka.